Kulea watoto kama nyumbani kwenye jengo usiloishi: jinsi ya kupanga deikea yako

Wengi tunaolea watoto wa watu nyumbani kwetu kuna siku tunafika mwisho, sebule haitoshi tena, familia imechoka kukanyaga vitu vya kuchezea usiku, au mwenye nyumba amesema basi, ndo hapo unaanza kutafuta nyumba nyingine upange iwe ya deikea tu na wewe uendelee kuishi kwako. Mi nilifanya hivo baada ya miaka kadhaa ya kulea sebuleni kwangu. Sijutii hata kidogo ila kuna vitu sikuambiwa na mtu, na ningeambiwa ningelala usingizi zaidi ule mwaka wa kwanza.

Kikubwa cha kuelewa ni kwamba nyumba unayoishi inakufanyia kazi nyingi sana bila wewe kujua. Bomba likivuja usiku unasikia, mzazi akija mapema upo, ukiugua ghafla kuna mtu chumba cha pili wa kumwita, mtoto akiingia anakuta harufu ya chakula na kochi lililobonyea na viatu vya watu mlangoni na anajua hapa wanaishi watu. Ukihamia jengo lingine kazi zote hizo zinabaki hazina mwenyewe, na usipozipangia moja moja unajikuta umefungua kashule kadogo kenye watoto wanaolia halafu huelewi kwanini, maana watoto ni walewale na wewe ni yuleyule.

Tuanze na sheria, kabla hata hujaenda kuangalia nyumba

Sehemu nyingi leseni ya kulea watoto nyumbani inakwenda na makazi yako, yani wamekuruhusu kwa sababu unaishi pale. Ukitoka pale, watoto walewale na idadi ileile unaweza kuhesabiwa kama kituo, na kituo kina masharti yake ya vyoo, milango ya kutokea, eneo la kila mtoto, elimu ya wafanyakazi. Sehemu zingine kuna kundi la katikati, kundi dogo kwenye jengo lisilo makazi, sehemu zingine halipo kabisa. Kwa hiyo nenda kwenye ofisi inayohusika na malezi ya watoto na swali lako umeliandika: nataka kulea watoto kadhaa, wa umri huu hadi huu, kwenye nyumba ambayo siishi, naingia kundi gani? Omba jibu la maandishi. Jibu la mdomo la mtu wa kaunta usilijengee kitu.

Halafu ujue ofisi ya watoto na ofisi ya matumizi ya ardhi na majengo ni vitu viwili, na watu wa zimamoto ni cha tatu, na hawaulizani. Unaweza kupewa leseni ya kulea watoto kwenye nyumba ambayo mipango miji hawaruhusu biashara yoyote. Mi naonaga watu wanasaini mkataba wa pango kwanza kwa sababu wanaogopa nyumba itachukuliwa na mtu mwingine, nawaelewa kabisa, lakini kama lazima usaini basi weka kipengele kwamba kibali kikikataliwa mkataba unavunjika na amana yako inarudi.

Kwenye mkataba huohuo iandikwe wazi kwamba unalea watoto humo. Usiandike tu “biashara” halafu ukatumaini. Iandikwe nani anatengeneza nini na kwa muda gani, maana choo kikiziba kwako nyumbani unavumilia hadi kesho ila choo kikiziba na watoto kumi ndani hiyo siku imeisha. Iandikwe unaruhusiwa kuweka uzio na kushusha sinki. Na mwenye nyumba au fundi wake asiingie saa za watoto bila taarifa, hata kama ni mzee mzuri mnayeheshimiana, kwa sababu kila mtu mzima anayeingia pale ni wewe unayemjibia mbele ya wazazi. Bima ya nyumbani kwako haikufuati kwenye jengo jipya, hiyo tafuta nyingine kabla mtoto wa kwanza hajaingia.

Hesabu

Nyumbani pango ulikuwa unalipa hata bila watoto, kwa hiyo hukuwa unaliona kwenye hesabu. Sasa utaliona. Chukua pango, maji, umeme, bima, mishahara, chakula, sabuni na pampasi za akiba, jumlisha, halafu gawanya kwa watoto. Ila usigawanye kwa idadi unayoruhusiwa, gawanya kwa robo tatu yake, kwa sababu kuna mwezi mmoja atahama na mwingine atakuwa likizo na wa tatu mzazi atachelewa kulipa. Kama ada inayotoka hapo wazazi wa eneo lako hawaiwezi, bora uijue sasa. Na uwe na akiba ya miezi mitatu ya pango pembeni, sio ya kugusa.

Kingine kwenye hela, utanunua vitu vingi mara mbili. Kipimajoto, mikasi ya kucha, chaja, sufuria kubwa, nguo zako za kubadilisha. Wiki mbili za mwanzo nilikuwa nabeba mfuko kila asubuhi na kila siku kuna kitu nimekisahau upande wa pili, mwishowe nikakaa na daftari nikaandika kila kitu mkono wangu ulichokitafuta ukakikosa, na hiyo ndo ikawa orodha yangu ya manunuzi.

Kuchagua jengo

Chini, sio ghorofani, hasa kama una wachanga. Milango miwili ya kutokea iliyo mbali mbali, sio miwili inayotazamana koridoni. Jikoni ambapo ukisimama unaona watoto wanapocheza. Choo karibu na chumba cha kuchezea, na sehemu ya kubadilishia nepi iwe karibu na bomba lake, mbali na bomba la chakula. Uwanja unaotoka moja kwa moja, usiovuka njia ya magari.

Kabla hujaamua, piga magoti utembee nyumba nzima kwa magoti. Naomba usiruke hii. Nilivyofanya mimi nilikuta msumari umetokeza chini ya ubao wa dirisha, nikiwa nimesimama nisingeuona miaka mitano, na ulikuwa sawasawa na jicho la mtoto anayejifunza kusimama. Ukiwa huko chini angalia soketi nyuma ya milango, kamba za mapazia, mianya ya vidole kwenye bawaba, makabati ambayo mtoto akivuta droo yanamwangukia, hayo yote yafungwe ukutani kwa skrubu. Beba ile roli ya kadibodi inayobaki karatasi ya chooni ikiisha, kitu chochote kinachopita ndani yake kinaweza kumkaba mtoto wa chini ya miaka 3. Jengo likiwa la zamani rangi inaweza kuwa na madini ya risasi, usiikwangue kavu maana vumbi lake ndo baya zaidi, ipimwe kwanza. Kama kuna hita ya maji ishushe isizidi nyuzi 49. Ndoo haibaki na maji hata kidogo, mtoto mdogo anazama kwenye maji ya sentimita chache. Weka alamu za moshi, na kama kuna gesi au jiko la kuni weka na ya kaboni monoksaidi, ile gesi ya sumu isiyo na harufu.

Nenda pia saa tofauti tofauti. Nyumba yangu niliiangalia asubuhi mara tatu, kimya kabisa, nikahamia, kumbe saa saba mchana jirani anaanza kuchomelea vyuma na ndo saa watoto wanalala. Tulihamisha chumba cha kulala upande mwingine wa nyumba kwa gharama ambayo ziara moja ya mchana ingeiokoa. Na angalia saa ya kuleta watoto, wazazi wanane wakifika pamoja watasimama wapi, mtoto atashukia upande gani wa barabara.

Sasa unyumbani wenyewe

Hapa ndo napenda kukaa, kwa sababu hapa ndo watu wanakosea na mimi nilikosea. Ukipata jengo jipya mkono unawasha, unataka kupaka rangi saba, kununua meza za plastiki zinazofanana na kubandika herufi ukuta mzima. Sio kwamba ni dhambi, ila mtoto aliyezoea nyumba anaingia anaona ukumbi.

Nilikuwa na mtoto mmoja anakaribia miaka 2. Kwangu nyumbani alikuwa na kigoda chake, nikipika anakaa nacho mlangoni mwa jikoni ananiangalia, namkabidhi kijiko, ananirudishia, hatusemi kitu. Kwenye jengo jipya jikoni niliweka geti dogo la usalama, vizuri, na meza ya kukatia nikaiweka ukuta wa mbali. Wiki nzima yule mtoto alikuwa anabeba kigoda kutoka chumba cha kuchezea anakileta kwenye geti, anakaa, anaangalia mgongo wangu, anaanza kulia. Msaidizi wangu anamrudisha kwenye midoli, anabeba tena. Ijumaa ndo nikaelewa. Nikaisogeza meza hadi geti, nikawa nakata mboga nimemgeukia, na kijiko kikarudi kupita juu ya geti. Kilio kikaisha siku ileile.

Kwa hiyo kabla hujahama, kaa siku mbili tatu uandike kila mtoto anafanya nini nyumbani kwako ambacho sio “shughuli”. Nani anakusaidia kukunja nguo, nani ana pembe yake nyuma ya kochi, nani anaenda dirishani mama akiondoka. Halafu jengo jipya lipange kwa hiyo orodha. Dirisha la kuagia liwepo. Pembe ya kujificha iwepo, ila wewe uione. Kochi la kweli, la watu wazima, la kukaa na watoto watatu na kitabu. Picha za familia zao zibandikwe usawa wa macho yao, sio ya kwako. Pikia palepale kama masharti yanaruhusu, usilete chakula kwenye hotpoti, kwa sababu harufu ya chakula kinachoiva inamwambia mtoto saa kuliko saa ya ukutani. Zulia la zamani uende nalo na usilifue ile wiki ya kuhama. Televisheni ibaki kwako, Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa 2019 halipendekezi kabisa skrini kwa watoto wa chini ya miaka 2, na wa miaka 2 hadi 4 isizidi saa 1 kwa siku, na hiyo saa wazazi wao watawapa jioni.

Kuhama kwenyewe kufanyike kidogo kidogo. Waje kutembea na wazazi wao wiki ya kabla, wale kitu, waondoke. Anza katikati ya wiki kwa nusu siku. Kila mmoja akae kwenye nafasi yake ileile mezani, nyimbo zilezile, mpangilio wa siku uleule, kipya kiwe kuta tu.

Kuna daktari mmoja wa watoto, Emmi Pikler, mwaka 1946 alifungua nyumba ya kulelea watoto wasio na wazazi mjini Budapest, wengi wanaiita Lóczy kwa jina la mtaa wake. Ilikuwa taasisi, watoto wengi, walezi wa zamu, lakini kila mtoto alikuwa na mlezi wake, na kuoga, kulishwa, kubadilishwa nguo vilifanywa polepole, mlezi anamwambia mtoto anachotaka kufanya na anasubiri mtoto ashiriki. Mi hiyo imenipa moyo sana. Kama taasisi iliweza basi nyumba ya kupanga inaweza. Kwangu kila mtoto ana mtu wake kwa nepi, chupa na kulala, na tunamwambia “sasa nainua mguu wako” halafu tunasubiri, na utashangaa, mtoto wa miezi 5 anainua mguu mwenyewe.

Kundi liwe dogo na umri uchanganyike, ndugu wakae pamoja. Wachanga wa chini ya mwaka 1 mimi sizidishi watatu kwa mlezi mmoja hata pale ninaporuhusiwa zaidi, kwa sababu wakati wa moto mikono ni miwili. Vitu vidogo vya wakubwa vikae meza ya juu ambayo watambaao hawafiki.

Usiwe peke yako

Hii ndo hatari kubwa ya jengo la pembeni na watu hawaifikirii. Nyumbani ukiteleza bafuni kuna mtu atasikia. Kule ukianguka ukapoteza fahamu, wamebaki watoto na mlango umefungwa. Bora muwe wawili muda wote. Hata mkiwa wawili, mwe na watu wengine wawili wanaoweza kufika ndani ya dakika 10, wana ufunguo, wamekaguliwa kama wafanyakazi wako, watoto wanawajua sura na wazazi wanawajua jina. Wote mliopo mjifunze huduma ya kwanza ya watoto, ikiwemo mtoto aliyekabwa na kufufua pumzi, kwa vitendo sio kwa video.

Ukutani karibu na simu andika anwani kamili ya jengo na alama za kulifikia. Tulipofanya zoezi la kwanza la dharura msaidizi wangu, dada makini kabisa, alijifanya anapiga simu akataja anwani ya nyumbani kwangu, kwa sababu ndo aliyoizoea miaka yote. Ingekuwa kweli gari la wagonjwa lingeenda kwenye nyumba yenye mlango umefungwa. Zoezi la kutoka nje fanya kila mwezi, saa tofauti, hata saa ya kulala, na mwe na kitanda kimoja imara chenye magurudumu cha kuwabebea wachanga wote kwa pamoja.

Chumba cha kulala kwenye jengo jipya kawaida kiko mbali kidogo, na hapo masikio hayatoshi, kile kifaa cha kusikilizia mtoto hakitoshi pia. Nenda kwa miguu kila dakika 15, angalia kifua kinapanda, gusa, andika. Wachanga wanalala chali, godoro gumu, shuka limebana, hakuna mto wala blanketi wala mdoli, kila mmoja na kitanda chake, vitanda viachane kama mita moja.

Chakula na maradhi nitapita haraka. Friji iwe nyuzi 4 au chini na kipimajoto ndani, hasa Jumatatu, maana hujui kama umeme ulikatika wikendi. Maziwa ya mama yaliyokamuliwa freshi yanakaa saa 4 nje, siku 4 kwenye friji. Maziwa ya kopo yaliyokorogwa saa 2, na mtoto akishaanza kunyonya chupa hiyo, saa 1, mengine mwaga. Asali hapana kabla ya mwaka 1. Zabibu zikatwe kwa urefu vipande vinne, karanga nzima wasubiri. Mtoto mgonjwa kwako ulikuwa unamlaza chumbani kwako, sasa tenga pembe yenye kitanda na mtu wa kukaa naye. Homa ya nyuzi 38 mzazi anapigiwa, anarudi akikaa saa 24 bila homa na bila dawa ya kuishusha, kuhara na kutapika ni saa 48 toka kuishe.

Wazazi waeleze mapema kwamba saa ya kufunga ni ya kufunga kweli. Zamani mama fulani akichelewa nusu saa ulikuwa unapika chakula chako cha jioni na mtoto yupo, haikuuma. Sasa nusu saa hiyo wanao wewe wanakusubiri upande wa pili. Iandike kwenye makubaliano, na orodha ya wanaoruhusiwa kumchukua mtoto iwe mlangoni upande wa ndani, asiyekuwemo haondoki na mtoto hata kama ni shangazi yake na mtoto anamkimbilia.

Kufungua na kufunga

Fika nusu saa kabla ya mtoto wa kwanza. Jengo lililolala peke yake halijulikani limelalaje. Zunguka uwanja kwanza, watu wanarusha chupa juu ya uzio na paka wanapenda sana mchanga wa kuchezea, ufunike kila jioni. Fungua madirisha, acha kila bomba litiririke kidogo, nusa gesi. Mi Jumatatu moja nilifungua mlango nikakanyaga maji, kiungio cha bomba chooni kilikuwa kimeachia tangu sijui Jumamosi ipi saa ngapi, magodoro yote yaliyokuwa sakafuni yalikuwa yamelowa na wazazi wanaanza kushuka kwenye magari. Tangu siku hiyo Ijumaa nafunga koki kuu ya maji na magodoro yanalala juu ya rafu.

Jioni usiondoke kwa kuhesabu majina kwenye daftari tu. Pita chumba kwa chumba, nyuma ya kochi, ndani ya ile pembe ya kujificha, chooni, kila kitanda kwa mkono, halafu uwanjani, hata kama uliwaona wote wakiondoka. Jiko, koki, madirisha, mlango wa nyuma. Na kama kuna mtu ameacha mnara wa matofali haujaisha usiupange kwenye kapu, uache palepale kwenye zulia, kesho asubuhi ataingia ataangalia pale kwanza kabla hata hajavua viatu.